Mwalimu Honi na Jiwe Lililokunywa Hasira

Jina alilopewa na wazazi wake halikutumika kazini hata siku moja. Pale chuo cha udereva aliitwa Mwalimu Honi, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mwepesi wa kueleza sababu. Gari la mafunzo, alisema, lilikuwa na honi yake, lakini hiyo ilikuwa ya akiba. Honi ya kila siku ilikaa kiti cha pembeni, imefunga kitambaa kichwani na kuvaa miwani.

"Klachi!" ililia. "Kla-chi! Mguu wako unautazamia nini? Mguu hautakukimbia! Tazama barabara!"

Watu wengi walijua kuendesha gari kupitia kwake, na wengi wao, alikiri bila kuulizwa, walijua haraka kwa sababu moja tu: walitaka kushuka.

Hakuwa mtu mbaya. Nje ya gari alikuwa mcheshi na mkarimu, mtu wa kukupokea mzigo kabla hujamwomba. Lakini mlango ukishafungwa na injini kuwaka, kitu kilimpanda kutoka tumboni mpaka kooni, na kitu hicho hakikujua tundu jingine la kutokea isipokuwa mdomo. Alisema ni woga tu. Kiti cha mwalimu kilikuwa na pedali moja, ya breki, na maisha yake yote ya kazi alikuwa anaendeshwa na watu wasiojua kuendesha. "Ungekuwa wewe ungeimba?" aliwauliza wenzake.

Mambo yalimharibikia siku alipokuwa na mwanafunzi mmoja, muuguzi, mama mtulivu asiyejibu neno. Walikuwa katikati ya njia panda. Gari lilizimika, na Mwalimu Honi akaanza. Akaanzia kwenye klachi, akapita kwenye gia, akafika kwenye malezi. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta breki ya mkono, akachomoa ufunguo, akachukua mkoba wake, akashuka, akaenda zake. Na ufunguo akaenda nao.

Mwalimu Honi akabaki kiti cha pembeni, hana usukani, hana ufunguo, nyuma yake msururu wa magari ukimpigia honi za kila sauti. Kwa mara ya kwanza alijua zinavyosikika ukiwa upande wa pili.

Mkuu wa chuo, bwana mmoja aliyezungumza polepole kama anayeegesha lori, alimwita ofisini. "Mwalimu," akasema, "yule mama aliivuta breki ya mkono vizuri sana. Hiyo ni sifa yako. Sasa fundisha vizuri hivyohivyo bila kumfukuza mtu. Yakija malalamiko mengine, utanisaidia kuosha magari."

Jioni ile alikwenda kwa dada yake mkubwa kulalamika. Dada alikuwa fundi wa kushona, mpole kiasi kwamba kati yake na cherehani, cherehani ndiyo ilikuwa na mdomo. Watu walishangaa kusikia kuwa hao wawili walinyonya ziwa moja. Dada alimsikiliza huku akipinda pindo la sketi. Mwishowe akainuka, akafungua kabati, akatoa kifurushi cha kitambaa laini.

Ndani yake mlikuwa na kidani. Jiwe lilikuwa kubwa kama haragwe, limezungushiwa fedha, rangi yake zambarau iliyokolea kama ganda la bilinganya likipigwa na mwanga. Mwalimu Honi alilijua tangu utotoni. Lilikuwa la shangazi yao, marehemu.

"Hili linatuliza moyo," dada akasema.

"Shangazi alisema linazuia ulevi."

"Linazuia vyote."

"Dada, mbona unasahau? Mume wa shangazi alikufa mlevi!"

Hapo hata dada alicheka. Habari ile ilikuwa maarufu kwenye ukoo. Shangazi alikuwa amesikia kwamba watu wa kale walilitumbukiza jiwe la zambarau kwenye kikombe ili pombe isipande kichwani. Naye akalitumbukiza kwenye bilauri ya mumewe kwa siri. Mume akanywa kwa pupa yake ya kawaida, akameza pombe, akameza na jiwe. Akalewa kama siku zote, na juu ya hayo akalalamika tumbo. Shangazi alimlinda siku kadhaa, kila akienda msalani naye yuko mlangoni, mpaka mali ikarudi. Ikaoshwa, ikaoshwa tena, ikarudishwa kwenye fedha yake. Shangazi alisema kuanzia hapo mumewe alipunguza pombe. Ndugu walisema alipunguza kwa kuogopa kulindwa.

"Chukua," dada akasema. "Si lako, nakuazima. Mwanangu akiolewa atalivaa, kama nilivyolivaa mimi. Lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, brashi iwe laini. Usilichanganye na vito vingine, litavikwaruza. Na usije ukali—"

"Nimesikia, dada, nimesikia. Mimi si mtoto mdogo."

Akalitia mkobani. Njiani alijicheka. Mwanamke mzima, mwenye leseni ya kuendesha mpaka basi, anatibiwa hasira kwa kokoto! Lakini kuosha magari hakukumchekesha, kwa hiyo kesho yake asubuhi akakitundika kidani kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

Kwenye matuta kikawa kinabembea na kugonga kioo cha mbele, na baada ya siku chache Mwalimu Honi akaona kimstari chembamba kwenye kioo, kama kilichochorwa kwa sindano. Jiwe lenyewe halikuwa na alama yoyote. Akastaajabu. Akaona kweli lina nguvu zake, halitaki kutundikwa. Basi akalibandika juu ya dashibodi, mbele yake kabisa, mahali ambapo jua liliingia asubuhi na halikutoka mpaka magharibi.

Na jamani, likafanya kazi! Mwanafunzi akikosea gia, hasira ikianza kupanda, Mwalimu Honi alilitazama jiwe. Akalisugua kwa kidole gumba. Akavuta pumzi. Alipomaliza kuvuta pumzi, mwanafunzi alikuwa ameshapata gia mwenyewe. Jambo hilo lilimshangaza kuliko yote: kumbe mtu ukimnyamazia kidogo, anapata gia mwenyewe.

Sasa, mtu mwingine angelifurahia jambo hilo kimyakimya. Mwalimu Honi alilitangaza. Kwenye chumba cha walimu, kwa muuza matunda wa nje ya geti, kwa wateja waliokuja kuulizia tu, wote walipata kujua kwamba duniani kuna jiwe linalokunywa hasira, na kwamba yeye analo. Kiangazi kilipopamba moto na jiwe likaanza kupauka, akatangaza na hilo.

"Angalieni wenyewe! Limechoka. Hasira zangu zote zimo humu."

Mwalimu mwenzake mmoja, mtu wa kufikiri, akainamia dirisha la gari. "Lakini kama linakunywa hasira, si lingezidi kukolea? Mbona linafifia?"

"Kunywa kunachosha," akamjibu. "Muulize mume wa shangazi yangu."

Baadaye, kila aliposimulia, alifika hapo akajipiga kofi la kichwa. Swali lilikuwa limeulizwa wazi mchana kweupe, na yeye akalijibu kwa mzaha.

Miongoni mwa wanafunzi wake wakati huo alikuwamo sonara mmoja, mzee mwembamba mwenye duka dogo nyuma ya soko. Mikono yake iliweza kupachika kijiwe cha ukubwa wa punje ya ufuta kwenye pete, lakini ikishika usukani ilitetemeka kama imeshika nyoka. Alikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote waliopata kukalia kiti kile. Akiambiwa kulia, alikwenda kulia, ila kwanza aliomba radhi. Na tena alikuwa na tabia moja ya kuudhi: kila mara macho yake yaliteleza kutoka barabarani yakaenda kwenye dashibodi.

"Mwalimu, samahani, lile jiwe—"

"Jiwe halifanyi mtihani, mzee wangu. Tazama barabara."

Siku nyingine akajaribu tena. "Mwalimu, hili jua—"

"Teremsha kikinga jua, utazame barabara."

Mzee akatazama barabara.

Siku moja dada akapiga simu. Sauti yake ilikuwa na furaha mpaka ikasikika. Binti yake amepata mchumba, familia zimekubaliana, harusi haiko mbali. "Kwa hiyo niletee kidani, mdogo wangu, nikisafishe mapema."

Mwalimu Honi alikwenda garini akalibandua jiwe. Ndipo alipolitazama, hakulitazama kama dawa, alilitazama kama mali ya mtu. Zambarau haikuwapo. Lililobaki lilikuwa kama maji ya mwisho ya kusuuzia nguo iliyochuja rangi. Akakaa kwenye kiti cha dereva, ambacho kwa kawaida hakukikalia, akasema kwa sauti ya chini ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia, "Nimekwisha."

Mtu mwenye akili angemwendea sonara. Yeye alimwendea jirani yake aliyeuza mkaa. Jirani akamwambia, kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kumiliki kito, kwamba vito huamshwa na moto. "Dhahabu inang'arishwa na nini? Si moto? Basi na jiwe ni hivyohivyo."

Waswahili wana msemo wa kujipalia makaa. Mwalimu Honi hakuishia kwenye msemo, aliyapalia kwa koleo. Kwanza alilichokoa jiwe kutoka kwenye fedha kwa bisibisi. Akalifukia kwenye mchanga ndani ya kopo tupu la maziwa, akaliweka kopo katikati ya jiko la mkaa, akapepea. Akapepea mpaka kopo likawa jekundu na mkono ukamlegea. Akaliacha lipoe lenyewe, akamwaga mchanga kwenye sinia, akatafuta.

Rangi ilikuwa imeamka kweli. Ila haikuwa ile iliyolala. Jiwe lilikuwa la njano, njano ya chai ya rangi iliyotiwa maji mengi.

Alikaa chini jikoni, masizi puani, akacheka. Hakucheka kwa furaha. Alicheka kwa sababu alijiona: mtu aliyepewa haragwe moja la kutunza, akalibandika juani, halafu akalipika.

Sonara alimkuta amesimama mlangoni pa duka kabla halijafunguliwa. Ndani mlikuwa na meza moja, taa ya shingo ndefu, na harufu ya chuma kilichochomwa. Mzee alipovaa lenzi yake ya jicho na kulishika lile jiwe kwa koleo dogo, mikono haikutetemeka hata kidogo. Mwalimu Honi aliketi kwenye stuli, magoti pamoja, kama mwanafunzi.

"Ulilitia motoni," mzee akasema.

"Kidogo."

"Mwalimu."

"Sana."

Mzee akaligeuzageuza. "Hili tunaliita amethisto. Ni kwatsi tu, jiwe la kawaida kabisa. Mchanga wa kujengea umejaa wadogo zake, na saa ya betri ndani yake mna kipande cha ndugu yake. Hii zambarau inatoka kwenye madini ya chuma kidogo sana yaliyomo ndani, na miaka isiyohesabika ya kukaa ardhini. Jua kali likilipiga muda mrefu, rangi inaondoka. Moto ndio unaligeuza njano. Usione haya, wapo wanaoligeuza makusudi wakaliuza. Halijaharibika. Ni gumu, linakwaruza hata kioo—"

"Nimeona," akasema Mwalimu Honi.

"—lakini zambarau yake hutairudisha, si kwa moto, si kwa maji, si kwa dua."

Mwalimu Honi akauliza swali alilokuwa nalo tangu alipoingia. "Mzee wangu, umepanda gari langu kiangazi kizima. Jiwe uliliona. Mbona hukuniambia?"

Sonara akaivua ile lenzi, akaifuta kwa pindo la shati, akatafuta maneno yasiyouma. "Nilijaribu. Kila nikifungua mdomo, unaniambia nitazame barabara."

Ilimchoma kuliko lile jiko. Kwa sababu papo hapo alimkumbuka na dada, kifurushi mkononi, "na usije ukali—". Usije ukaliacha juani! Alikuwa ameambiwa pande zote mbili, na pande zote mbili alikuwa amewakata watu kauli. Kumbe kiangazi kile chote alichojisifu kwa utulivu, alichokuwa amepunguza ni sauti tu. Kusikiliza hakukuongezeka hata chembe.

Mzee akavuta droo. Akatoa jiwe la zambarau iliyokolea, ukubwa uleule, mkato karibu uleule. "Hili naweza kulipachika leo. Fedha ni ileile. Nisiposema mimi na usiposema wewe, nani atajua?"

Alilitazama. Roho ilimwambia, chukua, mjinga wewe, chukua ukimbie. Akaliweka kiganjani, akalisogeza kwenye taa, na akaanza kuipanga hotuba atakayompa dada. Hotuba ilikuwa nzuri sana. Tatizo ni kwamba alijijua: kwa mdomo ule alionao, siri ile ingefika kwa muuza matunda kabla ya wiki kuisha, na kwa dada kabla ya harusi.

"Pachika la njano," akasema. "Mimi kuficha jambo siwezi. Honi hainong'oni."

Alimkuta dada ameshika gauni la harusi mapajani, anashona vifungo. Bibi harusi mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya kioo akijaribu viatu. Mwalimu Honi akafungua kitambaa, akakiweka kidani mezani, akasimulia yote: jua, kopo, bisibisi, muuza mkaa. Alipofika kwenye bisibisi, dada aliweka sindano chini.

Halafu dada akapiga kelele.

Hakuna aliyejua kwamba sauti ile ipo. Ilianza chini kabisa, kama lori linalopanda mlima, ikabadili gia, ikapanda tena. "Nilikuwa nakwambia! Nilikuwa nakwam-bi-a! Tangu utoto nakwambia, na tangu utoto hunisikilizi! Sufuria langu ulilichoma wewe! Mwanasesere wangu ulimkata nywele wewe! Jiwe la shangazi, jiwe lililopita tumboni mwa mlevi likatoka salama, wewe umelishinda!"

Jirani wa kulia alifungua dirisha. Jirani wa kushoto alikuja mpaka mlangoni. Mwalimu Honi alisimama pale, mikono mbele, hana jiwe la kutazama, akapokea yote. Mara mbili alitaka kujibu, akafumba mdomo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuegesha gari kinyumenyume kwenye kilima.

Dada alipoishiwa pumzi, alikaa, akashangaa. Akajishika koo kama aliyekuta chumba asichokijua ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Mama," bibi harusi akasema polepole, "umejisikiaje?"

Dada akafikiri. "Vizuri," akasema. "Vizuri sana."

Binti akakichukua kidani, akakiweka shingoni, akajitazama. Hakusema kimempendeza, kwa kuwa hakikumpendeza. Rangi ile haikwenda na kitu chochote alichokuwa nacho. "Nitakivaa hivyohivyo," akasema. "Lakini kwa sharti moja, mama mdogo. Kila atakayeuliza mbona jiwe la shangazi limekuwa la njano, utamjibu wewe."

Wakauliza wote. Ukumbini Mwalimu Honi alisimulia kwenye meza ya wazee, akasimulia kwenye meza ya wakwe, akaitwa na wapiga picha asimulie tena. Kila aliporudia, muuza mkaa alizidi kuwa na uhakika na yeye alizidi kuwa mjinga, na watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mkuu wa chuo cha udereva alikuwapo pia. Alicheka polepole, akamaliza wakati wengine wamekwisha kwenda kula.

Sonara alipata leseni yake baada ya kushindwa mtihani mara ya kwanza. Kosa lilikuwa la kumpisha kila mtu, hata gari lililokuwa limeegeshwa. Mwalimu Honi hakuacha kupiga kelele. Hilo asikudanganye mtu. Lakini alijifunza kumalizia na swali, "Ulikuwa unataka kusema nini?" na kisha kungoja jibu. Kungoja kulimuuma meno. Wanafunzi wengi hawakuwa na la kusema. Mmoja alikuwa nalo: alitaka kumwambia kwamba mkanda wake, yeye mwalimu, haukufungwa.

Miezi michache baada ya harusi, asubuhi moja, mwanafunzi mpya alikuwa anamngoja kwenye gari. Ameshakaa kiti cha dereva, ameshasogeza kioo, mikono yote miwili kwenye usukani. Alikuwa dada.

"Dada! Wewe? Unataka kuendesha gari?"

"Kwani kuna ubaya?"

Wakatoka getini salama. Klachi aliikanyaga vizuri, kwa miguu iliyozoea pedali ya cherehani. Kwenye njia panda, teksi moja ikawakatia mbele. Mwalimu Honi akashika mlango, akavuta pumzi, akajiandaa kumtuliza mwanafunzi wake.

Hakuwahi. Dada alikuwa ameshateremsha kioo cha dirisha, nusu ya mwili iko nje.

"We mwenye teksi!" alilia, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. "Unatazama wapi? Tazama barabara!"

Akarudi ndani, akapandisha kioo, akaingiza gia ya kwanza bila kukwaruza. Mashavu yake yalikuwa yanang'aa.

"Mdogo wangu," akasema, "kumbe hapa ndipo ulipokuwa unastarehe miaka yote hii."